Kanga ya Mama Haikuwa na Kabila

Hotuba ya mwalimu wa sanaa wakati wa kufunga maonyesho ya kazi za wanafunzi, Dar es Salaam

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mliojipanga huko nyuma karibu na mlango mkisubiri nimalize mkanywe soda: asalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na wale ambao bado sijawagusa, habari za mchana. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mnaona, hotuba sijaianza na dakika nzima imekwisha kwa kusalimia. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini Mtanzania akishika kipaza sauti lazima asalimie mara nne. Nikamwambia ukiruka salamu moja, kuna watu watakaa mpaka mwisho bila kusikia ulichosema, maana akili yao yote iko kwenye ile salamu uliyowanyima. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Nataka kuwasimulia kuhusu kanga.

Nilikuwa darasa la tano, shule ikatangaza Siku ya Utamaduni. Kila mtoto aje na vazi la kabila lake. Wamasai walijua pa kuanzia, rubega ziko. Wasukuma wakaahidi kuja na majembe ya bugobogobo, ile ngoma yao ya kilimo, na kweli walikuja nayo, mmoja nusura aniumize mguu. Mimi nilirudi nyumbani na swali. Baba yangu ni Mmakonde wa Newala. Mama ni wa Tanga, bibi yake Mdigo, babu yake alikuja na jahazi kutoka Shihiri, huko Yemeni. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na watu wakigombana kila mmoja aligombana kwa lugha yake. Sasa hapo vazi la kabila ni lipi?

Mama alifungua sanduku akatoa kanga. Nyekundu, pindo jeusi, na kwenye kila kona ya mji, yaani ile sehemu ya katikati ya kanga, korosho moja kubwa imejikunja. Nilipoziona zile korosho nilifurahi mno, kwa sababu Newala ni korosho. Kila msimu tulikuwa tunatumiwa kiroba kutoka kwa babu. Nikajiambia mama amepata nguo ya Tanga yenye kitu cha baba ndani yake. Nikajifunga, nikaenda shule nimenyoosha shingo.

Mwalimu aliyekuwa anapanga makundi alinitazama, akasema, wala hakusema kwa ubaya: "Mwanangu, hilo si vazi la kabila. Kanga ni ya kila mtu." Akanipeleka kwenye meza ya kugawa maji kwa wageni. Nikagawa maji. Nilijaza bilauri mpaka jioni, kanga yangu ikalowa upande mmoja.

Ile kauli niliibeba miaka mingi. Nilipokwenda kusomea ualimu wa sanaa ndipo nikaanza kuifuatilia ile kanga kama mpelelezi, na niliyoyakuta ndiyo yaliyonifanya niwe mwalimu wa aina hii mnayemwona leo.

Katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso, vitambaa vya mraba vya pamba. Neno hilo tulilipata kwa Wareno, na Mombasa mpaka leo kanga huitwa leso. Vitambaa viliuzwa vikiwa kwenye jora, havijakatwa. Wanawake wakaona kuna la kufanya hapo: usikate kimoja kimoja, kata vitatu vilivyoshikana, chukua vitatu vingine, shona pamoja, una nguo ya kujifunga. Wenye maduka walipoona mtindo umeshika wakaagiza nguo nzima iliyochapwa hivyo. Inasemekana madoadoa ya zile za mwanzo yaliwakumbusha watu yule ndege kanga, na jina likaganda. Mnielewe vizuri hapa. Aliyebuni vazi hili ni mteja. Kiwanda kilimfuata yeye.

Halafu ifuatilie safari yake. Ladha ni ya mwanamke wa Unguja na Mombasa. Nguo inachapwa India, Uholanzi, Uingereza, baadaye Japani. Yupo mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, watu wakimwita Abdulla, anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeanzisha kutia maneno kwenye kanga. Yale maandishi "Mali ya Abdulla" wengi wenu mmeyafua bila kuyasoma. Maneno ya mwanzo yalikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hizi za Kirumi zikafuata. Mwaka 1968 kikafunguliwa kiwanda cha Urafiki hapa Ubungo kwa msaada wa China, na mashine za Wachina zikawa zinachapa mafumbo ya wake wenza wa Tanga.

Na zile korosho zangu? Ule mchoro wa tone lenye ncha iliyopinda umetoka mbali, Uajemi na Kashmir. Wazungu waliuiga kwenye shali zao wakauita kwa jina la mji mmoja wa Uskoti, Paisley. Ulipofika pwani hii hakuna aliyeuliza cheti cha kuzaliwa. Watu waliutazama wakasema: hii si korosho hii? Ikawa korosho. Sasa kaeni vizuri, kwa sababu mkorosho wenyewe, huu wa babu yangu Newala, huu tunaouimba kuwa dhahabu ya kusini, kwao ni Brazili. Uliletwa na Wareno.

Nilipolifahamu hilo nilicheka peke yangu maktaba mpaka mhudumu akanitolea macho. Mchoro wa Kiajemi, umepewa jina la tunda la Brazili na watu wa pwani ya Afrika, umechapwa kiwandani ng'ambo, na binti wa Kimakonde na Kidigo anauvaa akiamini ni wa babu yake. Na ulikuwa wa babu yake kweli! Mwalimu wangu hakukosea aliposema kanga ni ya kila mtu. Ila alilisema kama kasoro, kama vile kitu kikiwa cha wengi hakiwezi kuwa changu.

Lakini nisiipambe sana kanga. Katika Zanzibar ya karne ya 19 mwanamke mtumwa alivaa merikani, lile guo la pamba lisilotiwa rangi lililotoka Marekani, au kaniki, iliyochovywa kwenye nili. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wengi wa wanawake hao waliziweka kando wakatafuta kanga, tena zenye rangi za kuonekana toka mbali. Walikuwa watu wa Unyasa, Wayao, Wamanyema, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kuja pwani. Ninyi walimu wenzangu, mkisimama mbele ya watoto mkasema pwani ni mahali tamaduni zilipokutana, waambieni pia kwamba wengine walikutana wakiwa kwenye minyororo. Watoto wanaweza kulibeba hilo. Darasa langu lilipolisikia lilinyamaza, kisha binti mmoja akauliza: "Kwa hiyo kuchagua rangi ilikuwa ni kama kusema jina lako?" Sikuwa na cha kuongeza.

Nikiwa na darasa jipya, napenda kuanza na Edward Saidi Tingatinga. Lisemeni polepole jina hilo. Edward. Saidi. Hapo tu kuna misikiti na makanisa. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, baba Mngindo, mama Mmakua. Alifanya vibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja mjini, akafanya kazi za ndani. Mwaka 1968 akachukua vipande vya hadibodi, sentimita 60 kwa 60, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akaanza kuchora ndege na wanyama. Kazi zake ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores. Miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walifukuza gari alilokuwemo wakidhani ni la wezi, risasi ikamuua. Ndugu zake na vijana aliokuwa akiwafundisha hawakuacha, na leo jina la mtu mmoja limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Baada ya kusimulia hayo huwauliza watoto: haya, hii ni sanaa ya kabila gani? Kwa kawaida hujibu kwa pamoja, "Ya Kitanzania!", wakidhani ndilo jibu ninalotaka. Mwaka juzi mvulana mmoja wa mbele akanyosha mkono akasema, "Ya baiskeli, mwalimu." Nilimpa alama zote.

Sasa niwaambie nilipokosea, maana mkiniacha hivi mtadhani naamini kila kitu ni cha kila mtu na mambo yameishia hapo.

Mwaka wangu wa tatu kazini niliwapa watoto zoezi la vinyago vya kuvaa usoni. Nilikuwa na picha za mapiko ya Kimakonde, zile sura za mti mwepesi zenye nywele halisi na chale za usoni. Nikazitundika ukutani, nikawaambia wanakili kwa maboksi na gundi, wapake rangi watakavyo. Darasa likachangamka. Tukafanya maonyesho madogo uani, wasichana na wavulana wamevaa mapiko ya maboksi wanakimbizana. Nikamwalika baba.

Baba yangu amechonga mpingo maisha yake yote. Tezo, patasi, tupa, msasa, mikono yake ilikuwa migumu kama kazi zake. Alisimama uani pale akatazama, hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Ndipo akaniuliza swali moja: "Ulimuuliza nani?"

Lipiko la kweli ni la jando. Kwa desturi, mwanamke na mtoto ambaye hajapita jandoni hapaswi kujua ni nani aliye ndani yake wala limetoka wapi. Hayo nilikuwa nayajua! Nimekulia kwenye nyumba ya mchongaji, na mimi mwenyewe sikuruhusiwa kushika tezo kwa kuwa ni msichana, ndiyo maana leo mimi ni mchoraji. Lakini mbele ya darasa nilijisahau, nikaligeuza kuwa pambo la kusherehekea. Nilijitetea kwamba nilitaka watoto waipende sanaa ya kwao. Baba akasema kupenda hakumzuii mtu kupiga hodi.

Zoezi lile sijalirudia. Nililiweka jingine mahali pake, na nililipata kwa baba huyohuyo siku nyingine alipokuwa ametulia. Aliniambia wachongaji wa mapiko tangu zamani huwachonga na watu wa nje: Mzungu, Mhindi, Mwarabu mwenye ndevu, yeyote aliyepita akawashangaza. Mgeni akitazama, kumbe naye anatazamwa, na sura yake itacheza ngoma. Kwa hiyo siku hizi nawaambia watoto: usichonge kabila la mtu, chora uso wa mtu uliyemtazama kwa makini wiki hii, na umwombe ruhusa kwanza. Dereva wa basi la shule amechorwa mara kumi na moja. Sasa anadai alipwe.

Kuhusu mchanganyiko kuua asili, swali ambalo wazazi huniuliza kila mwaka, jibu langu ni fupi. Asili inakufa anapokosekana wa kuifanya vizuri. Wachongaji wa Kimakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji walikuta mjini hapa wateja wapya, akiwemo Mohamed Peera, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyenunua kazi zao na kuwahimiza wajaribu maumbo mengine. Samaki Likankoa, mmoja wao, akatoa vinyago vya mashetani. Roberto Yakobo akatoa ule mnara wa watu waliobebana ambao baadaye nchi nzima iliuita ujamaa. Hakuna aliyewafundisha kuwa Wamakonde zaidi wala kidogo. Walikuwa na tezo na walijua kuitumia. Mtoto ambaye hajajua kushika brashi, mchanganyiko wake ni matope tu, na hapo nakubaliana na wazazi.

Basi tuje kwenye kazi hizi mlizozunguka kuziona.

Hakuna meza za makabila humu ndani. Nilizikataa, na namshukuru mkuu wa shule kwa kunivumilia. Badala yake tuligawa mashuka meupe ya zamani, tukakata kila moja kwa kipimo cha kanga, wanafunzi wakapigiwa kura wawili wawili. Hakuna kuchagua rafiki. Mmoja anabuni pindo, mwenzake mji, na jina, yaani yale maneno ya kanga, wakubaliane wote wawili. Stensili zimekatwa kwenye filamu kuukuu za eksirei, kwa hiyo mkiona mbavu kwenye takataka za karakana yetu msiogope. Rangi imegongwa kwa sponji la godoro. Walimu mliotoka shule zisizo na bajeti, nimewatajia hayo kwa makusudi.

Sharti la pili lilikuwa hili: chora kitu cha nyumbani kwenu ambacho ungekitambua gizani kwa kukigusa. Nilitegemea vibuyu na ngao. Nikaletewa pedali ya cherehani. Mbuzi ya nazi, ile kazi ya kijani pale katikati, na mdomo wake mkali umekaa vizuri sana kwenye pindo. Mgomba wa Marangu ulikuja, ndiyo, lakini mwenye mgomba alisema anachokitambua gizani ni kamba ya kumfungia ng'ombe iliyoko mlangoni kwa bibi yake, akachora kamba. Kuna mmoja amejaza mji mzima kwa chupa za dawa ya kikohozi. Mwenzake akaona afadhali walimalize kabisa, wakaandika "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika." Mama mmoja hapa ameshauliza bei.

Waliotusumbua, na ambao nimewapenda kuliko wote, ni wale wa kanga ya samawati. Binti amezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa. Mvulana familia yake ilihamia mwaka jana kutoka mbali, Kiswahili chake bado kinatafuta pa kukaa. Pindo na mji waliumaliza kwa siku mbili, kazi safi, mawimbi na funguo. Walipofika kwenye jina, wakakwama. Binti alitaka "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa nia njema kabisa, alidhani anampa zawadi. Mvulana akakataa. Akamwambia, "Mimi si mgeni. Nimepiga pindo."

Siku tatu hawakupatana. Mimi nilikuwa na majina kumi kichwani, ulimi unaniwasha, nikaenda kuosha brashi ambazo zilikuwa safi. Jana jioni wakaja wote wawili mezani kwangu kuniambia wameamua kuacha sehemu ya jina wazi, na kwamba wataisikiliza hadhira kwanza, kisha wachague wao.

Kanga hiyo imetundikwa kushoto, karibu na swichi ya taa. Chini yake kuna boksi la viatu lenye tundu, na vikaratasi. Kalamu ni mbili tu, ukimaliza mwachie mwenzio.